Fundi Tahiru na Sura ya Mama Hamdani

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo huko mliko. Wa Arua, wa Koboko, wa Maracha, na ninyi mnaotusikia ng'ambo ya mpaka. Mimi ni Santa Driwaru, na leo tunamkumbuka Mzee Tahiru. Fundi cherehani. Yule wa kibaraza cha mlango wa bluu, karibu na soko, hapa Arua mjini. Wengi wenu mmevaa nguo zake. Gauni langu la kipaimara alilishona yeye, na mishono yake haijafumuka mpaka leo, ingawa mwenye gauni nimefumuka pande zote.

Mzee Tahiru ametutoka wiki hii. Alizikwa siku ileile hapa Arua, kama ilivyo desturi ya Waislamu. Narudia kwa waliochelewa kufungua redio: Mzee Tahiru, fundi cherehani wa Arua, baba yake Hamdani, mume wa Mama Asiya ambaye sote tunamwita Mama Hamdani. Nilikwenda kutoa pole. Mama Hamdani alinishika mkono akasema nikimtaja mumewe redioni nisimpake mafuta, niseme yote, hata ile ya inchi. Basi nimepewa ruhusa na mwenye mali. Vuteni viti.

Mzee alizaliwa hapahapa Arua, katika ukoo wa Wanubi. Babu yake alikuwa askari aliyetoka Sudan. Baba yake alikuwa askari. Kila mtu alijua na huyu kijana atabeba bunduki, naye akabeba mkasi. Baba yake alinuna kabisa, hakutaka hata kupita mbele ya kibaraza. Kununa kuliisha siku suruali yake ya gwaride ilipombana kiunoni akahitaji mtu wa kuipanua.

Akamwoa Asiya, binti wa Koboko, naye wa ukoo wa askari. Walikuwa hawajakaa sana kwenye ndoa vita vilipokuja, na watu wetu wakakimbilia Sudan na Kongo. Hao wawili waliangukia Sudan. Wakazaa huko, wakarudi, na Mzee akafungua tena kibaraza chake kwa cherehani ileile aliyokuwa nayo kabla ya vita.

Sasa, kipaji cha Mzee Tahiru mnakijua. Ukisimama mlangoni, kabla hujamaliza salamu, ameshakupima kwa macho. Futi ilikaa shingoni mwake kama pambo tu. Alikuwa anaweza kukuambia, "Santa, umeongezeka kiunoni," mbele ya watu wote, bila haya. Alijua mabega ya mji huu, nyonga za mji huu, vifundo vya miguu vya mji huu. Aliwajua watu kuanzia shingo kwenda chini. Kichwa hakikumhusu. Kichwa, alikuwa akisema, ni kazi ya kinyozi.

Hapo ndipo taabu ilipoanzia.

Siku moja, miaka kadhaa iliyopita, Mama Hamdani alisafiri kwenda Koboko kumwona dada yake, Kadijah. Gari likaharibika njiani, huko mbele ya Maracha. Simu yake ikaisha chaji. Mzee akapiga, akapiga, kimya. Mchana ukapita. Mwishowe akafunga kibaraza, akaja mbio hapa redioni na futi shingoni, akataka tangazo la mtu aliyepotea. Alipokelewa na mwenzangu Lokule, ambaye wakati huo ndiye aliyekuwa akisoma matangazo ya jioni.

Lokule akamuuliza mke wake ana sura gani. Mzee akasema sura iko nzuri. Lokule akauliza kama ana alama yoyote usoni, kovu, mwanya, kitu cha kumtambulisha. Mzee akatazama dari. Akatazama sakafu. Lokule anasema alidhani mzee ameshikwa na kiharusi. Halafu uso wake ukang'aa, na maneno yakaanza kumtoka bila kusita hata kidogo. Lokule akaandika. Na hapa kwetu, tangazo likishaandikwa, husomwa.

Basi jioni ile West Nile nzima ilisikia hivi: "Anatafutwa Mama Asiya, mke wa fundi Tahiru wa Arua. Kifua, inchi arobaini na nne. Kiuno, thelathini na nane. Nyonga, arobaini na nane. Urefu wa gauni kutoka bega mpaka kisigino, hamsini na nne. Atakayemwona apige simu."

Na Mama Asiya mwenyewe alikuwa wapi? Alikuwa ameshafika salama. Alikuwa ameketi uani kwa Kadijah, Koboko, na majirani wamejaa, chai mkononi, redio katikati yao.

Najua mnacheka. Mimi pia nilicheka, nilicheka wiki nzima. Lakini jiwekeni mahali pake. Kesho yake sokoni Koboko wanawake walimwamkia kwa namba. Muuza samaki alimwambia, "Karibu, arobaini na nane." Alirudi nyumbani bila samaki, akaazima simu ya dada yake, akampigia mumewe. Mzee akaanza kumshukuru Mungu kwamba yuko hai. Mama akamkatiza.

"Wewe najua nguo yangu," akamwambia. "Mimi mwenyewe, wewe hapana jua. Sirudi Arua mpaka useme mimi iko na sura gani."

Hamdani, mtoto wao wa kwanza, ameniambia kwamba Mzee alidhani mama anatania. Akangoja. Akapika mwenyewe, akaunguza. Siku zikaenda, mama harudi. Mzee akamwomba Hamdani amtumie picha ya mama kwenye simu, aitazame, amweleze mama sura yake, mambo yaishe. Habari zikafika Koboko. Jibu likarudi kwamba hiyo haihesabiki, kwa sababu simu ndiyo imetazama, yeye hajatazama.

Kwa hiyo mnaelewa Mzee alikuwa amewekwa wapi. Mke wa ujana wake yuko Koboko, na njia ya kumrudisha ni moja tu. Amwone. Amwone usoni, vizuri, kwa macho yake. Na Mzee Tahiru, aliyeona upungufu wa nusu inchi kwenye pindo la mtu anayepita barabarani, hakujua uso hutazamwa vipi.

Ndipo mteja mmoja alipomtajia darasa la kuchora la Mwalimu Margarita Kiden. Mwalimu Margarita ni binti wa Midia, kule Koboko karibu na mpaka, na Jumamosi hufundisha kuchora katika ukumbi nyuma ya karakana ya seremala, njia ya Pajulu. Wanafunzi wake ni manesi, walimu, vijana wa kuchora mabango. Mzee akaingia na kofia yake, akasalimia, akasema hataki kujifunza mengi. Anataka sura ya mtu mmoja tu.

Mwalimu akamwekea kigoda mezani, akamwambia aanze na hicho.

Nimeongea na Mwalimu Margarita jana. Alicheka, akalia, akacheka tena. Anasema kitu cha kwanza Mzee alichofanya ni kuvua futi shingoni, kwenda mezani, na kukipima kigoda. Urefu, upana, unene wa miguu. Kisha akarudi, akachora kwa chaki ya fundi. Akachora kikalio peke yake. Pembeni akachora mguu wa kwanza. Pembeni tena mguu wa pili, na wa tatu. Kila kipande mahali pake, na alama ndogo za kuonyesha kipi kinaungana na kipi. Alikuwa amekikata kigoda kama gauni, kinangoja kushonwa. Na vipimo, anasema Mwalimu, vilikuwa sahihi kabisa. Seremala wa mbele aliomba ile karatasi.

Hapo wakaanza kubishana, na walibishana kwa muda mrefu. Mwalimu akimwonyesha kwamba mguu wa nyuma unaonekana mfupi kuliko wa mbele. Mzee akisema miguu iko sawa, amepima. Mwalimu akimwambia, "Mzee, usichore unachojua. Chora unachoona." Na Mzee akimjibu kwamba yeye akishona anachoona badala ya anachojua, atafunga kibaraza. Darasa zima linaacha kazi, linasikiliza.

Lakini hakuacha kuja. Akafundishwa kunyoosha mkono na penseli, kufumba jicho moja, na kupima kwa kidole gumba, na hilo alilipenda kwa sababu maisha yake yote alikuwa akifumba jicho moja kutunga uzi. Akafundishwa kutazama nafasi tupu iliyo kati ya miguu ya kigoda, aichore hiyo, kigoda kitajitokeza chenyewe. Akafundishwa kuchora bila kutazama karatasi. Macho yanatembea polepole kwenye ukingo wa kitu, na mkono unayafuata, na haraka ni marufuku. Hilo lilimtesa. Fundi wa cherehani amezoea kukanyaga pedali, jambo liishe.

Alipoona kigoda chake kimeanza kusimama, Mzee akajiona amehitimu. Hakumwambia mwalimu. Alikaa kibarazani akachora uso wa mkewe kutoka kichwani, na aliuchora kifundi. Mafundi mlionisikia hapo mmeshajua. Kitambaa hukunjwa mara mbili, unakata upande mmoja, unapata pande mbili. Mzee akakunja karatasi. Akachora nusu ya uso, akaibandika kwenye kioo cha dirisha, akafuatiza nusu ya pili juu ya ile ya kwanza. Akaifungua. Uso mzuri, safi, umelingana kulia na kushoto kama kola ya shati. Akavaa kanzu, akapanda gari la Koboko.

Mama Hamdani aliipokea ile karatasi uani kwa dada yake. Aliitazama kwa muda. Kadijah anasema hapo ndipo alipoogopa, maana dada yake hakucheka.

"Huyu ni msichana mzuri," Mama akasema. "Kovu yangu iko wapi?"

Mzee akauliza, "Kovu gani?"

Kadijah alichukua birika lake akaingia ndani. Na Mzee Tahiru, wasikilizaji wapendwa, alirudi Arua na gari lilelile lililomleta.

Jumamosi hiyo alikwenda darasani akamwonyesha mwalimu karatasi yenye alama ya kukunjwa katikati. Mwalimu Margarita anasema angeweza kumgombeza, ila alipoona macho yake yalivyovimba alimvutia kiti. Akamwambia hakuna mtu duniani mwenye pande mbili sawa, kwa hiyo karatasi isikunjwe tena. Akamwambia pia kwamba darasani hakuna cha kumsaidia zaidi. Aende akakae mbele ya mwenyewe.

Mzee akapiga simu Koboko kuomba ruhusa. Miaka yote ya ndoa, hajawahi kuomba ruhusa ya kumtazama. Mama akasema aje, lakini ajue yeye ana kazi zake, hatakaa kama sanamu.

Basi ikawa kila Jumapili Mzee yuko Koboko, kwenye mkeka uani kwa Kadijah, ubao magotini, penseli mkononi. Mbele yake Mama Hamdani anachagua maharage kwenye ungo. Jumapili ya kwanza Kadijah alichungulia dirishani kwa kisingizio cha kufuta vumbi, na anasema dada yake, nyanya wa watu, aliona haya mpaka akajitanda ushungi kama bibi harusi. Mzee naye jasho linamtoka. Alikuwa akitazama, anainamisha macho, anatazama tena.

Ilikuwa Jumapili iliyofuata ndipo alipoliona. Mwanga wa jua ulikuwa unampiga Mama kutoka upande, na alikuwa ameinama juu ya ungo. Macho ya Mzee yanatembea polepole kwenye ukingo wa paji la uso, kama alivyofundishwa, yanashuka kwenye nyusi ya kushoto, na katikati ya nyusi yakakuta njia. Kovu fupi, limekata nyusi vipande viwili. Halikuwa limefichwa. Lilikuwa hapo tangu ujana wao.

Akauliza lilitoka wapi.

Mama aliendelea kuchagua maharage. Haya nitakayosema sasa aliyarudia mwenyewe kwangu, na nimeyaandika kama alivyoyasema.

"Mwaka ule wa kukimbia, wewe ulitangulia na baba yako mgonjwa. Mimi nilibaki nyuma na mashine. Ile kichwa ya mashine nilibeba kwa kichwa yangu, kutoka Koboko mpaka ng'ambo. Kwa mto niliteleza, gurudumu yake ikanikata hapa. Nilipofika, wewe ulikimbia kunipokea. Ukashika mashine. Ukauliza kama imevunjika."

Wasikilizaji, mimi nina mdomo, mnanijua. Hapo niliinama nikaandika tu.

Mzee aliweka penseli chini. Akauliza kama alifika anatoka damu. Mama akasema damu ilikuwa imekauka, alikuwa amefunga kitambaa, na baadaye kitambaa kikatoka, na maisha yakaendelea. Cherehani ile ndiyo iliyowalisha ukimbizini. Ndiyo iliyomsomesha Hamdani. Kila asubuhi Mzee aliifuta vumbi na kuitia mafuta, anajua kila mkwaruzo uliopo juu yake. Alikaa pale kwenye mkeka, mtu mzima na ndevu zake, akalia. Kadijah aliacha kufuta dirisha.

Halafu akasema, "Pole, Mama Hamdani."

Basi. Mama aliniambia, "Santa, hiyo neno niliingoja mpaka nikasahau kama naingoja." Na mnajua alimjibu nini mumewe? Alimwambia achore, mwanga unaondoka.

Akachora. Niliiona ile picha, na kwa kuwa nimekatazwa kumpaka mafuta, nitasema kweli: sikio lilikuwa kubwa mno, na mdomo ulikuwa umeenda safari. Lakini nyusi ya kushoto ilikuwa imekatwa pale pale inapokatwa. Jicho moja lilikuwa limefumba zaidi ya lenzake, kama linavyofumba la Mama Hamdani anapojizuia kucheka. Mama aliipeleka karatasi kwenye mwanga, akaisogeza karibu, akaisogeza mbali.

"Sikio hii ni ya mbuzi," akasema. "Lakini huyu ni mimi."

Akaingia ndani kufunga mizigo yake. Walirudi Arua pamoja. Wanawake wa soko letu, wakorofi kama walivyo, walimpokea kwa vipimo vyake vyote vinne, wakiviimba. Safari hii alicheza. Picha hawakuitundika, kwa sababu Mzee hakupenda sura ukutani mahali watu wanaposwali. Aliiweka kwenye droo ya cherehani, pamoja na bobini na vifungo.

Na hakuacha kuchora. Mwalimu Margarita anasema hakuwahi kuwa mchoraji mzuri, na vidole alivyochora vilibaki kuwa ndizi mpaka mwisho. Lakini Jumamosi hakukosa. Na kibarazani mambo yalibadilika. Alianza kututazama juu ya shingo. Lokule aliambiwa sikio lake moja liko juu kuliko la pili, na tangu siku hiyo Lokule anavaa kofia hata studio. Mimi nilipeleka sketi ibadilishwe zipu, akanitazama kidogo, akasema, "Santa, siku hizi hulali." Sikuwa nimemwambia mtu. Nilikaa kwenye benchi lake nikaongea mpaka chai ikapoa, na zipu tukaisahau wote wawili.

Mwezi uliopita moyo wake ulichoka. Akalazwa. Hamdani alikuwepo, na haya nimeyapata kwake. Anasema siku ya mwisho Mzee hakuwa na nguvu ya maneno mengi. Mama alikuwa ameketi kando ya kitanda, dirisha liko nyuma yake, uso wake uko kwenye giza. Mzee akamwashiria kwa kidole asogeze kiti upande wa pili, mwanga umfikie. Mama akasogea. Nesi akaja kuvuta pazia ili mgonjwa apumzike, Mzee akakataa kwa mkono. Mama akamuuliza anataka nini, kama ni maji.

"Hapana," akasema. "Nakutazama."

Akamtazama. Hamdani anasema alimtazama polepole, paji, nyusi, shavu, kidevu, kisha anarudi juu, anaanza tena, mpaka usingizi ukamchukua. Asubuhi alikuwa ameshaondoka.

Mama Hamdani, pole sana. Hamdani na wadogo zako, poleni. Bi Kadijah wa Koboko, pole. Mwalimu Margarita na darasa lako la Jumamosi, poleni. Wafiwa wote, Mungu awape subira, na amrehemu mzee wetu. Narudia: Mzee Tahiru, fundi cherehani wa Arua. Duwa itasomwa Ijumaa nyumbani kwake baada ya swala ya mchana, na wote mnakaribishwa, Waislamu na sisi wengine.

Wasikilizaji wapendwa, kwa kawaida hapa ningepiga wimbo. Leo sitapiga. Leo nawaomba kitu ambacho mtangazaji hapaswi kuomba, na mkubwa wangu atanigombeza. Zimeni redio. Geuka, mtazame huyo aliye karibu nawe, anayepika, anayekunja nguo, anayesinzia. Mtazame usoni, usiharakishe. Ukiona alama ambayo hujawahi kuiona, muulize ilitoka wapi. Akikueleza, msikilize mpaka amalize, halafu mwambie pole.